Nimekikanyaga Kijito cha Bwana

Milimani, juu ya Mbeya
Mwisho wa kipupwe

Mke wangu Yustina, Mama Agnesi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, na katekista anayekusomea naye ameitikia. Je, mgongo wa mama umepoa? Agnesi ameanza kukimbia? Mimi ni mzima wa kuandika, ila nimechoka, mke wangu, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Asubuhi huku umande umeganda juu ya majani, na vidole vinakataa kushika kitu.

Barua yako niliipata. Umesema mvua zikianza sijafika, utafunga mizigo urudi kwa baba yako kule Mwamkulu, maana umechoka kuwa mke wa barua. Sikukasirika. Siku hiyohiyo nilimwendea bwana mwenye shamba kuomba ruhusa. Akasema, "Mgeni wangu mkubwa anakuja kuvua. Akipata samaki mzuri, utakwenda kwenu, na lori la shamba litakufikisha Sumbawanga." Nikashukuru sana.

Sasa nikueleze uvuvi wa huku, ucheke kidogo. Kijito chenyewe unakiruka bila kupandisha kanga. Maji meupe, kokoto zote unaziona. Ndani mna samaki wa madoadoa waitwao trauti, walioletwa na Wazungu wenyewe. Hawavuliwi kwa wavu wala kwa mnyoo. Bwana anafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana mpaka yafanane na nzi, kisha anarusha mshipi nyuma, mbele, nyuma, mbele, hadi nzi wake atue majini polepole. Mimi nafuata na kapu, marufuku kukohoa. Mtu mzima na heshima zake anamdanganya samaki kwa unyoya! Na akimpata, pengine anamrudisha majini. Loo!

Basi mgeni akaja, akarusha nzi asubuhi baada ya asubuhi, asipate kitu. Baridi ilikuwa haijaachia, samaki wamelala chini ya mawe. Bwana akanuna. Mimi roho juu, naiona ruhusa yangu inapotea. Nikajiambia, hawa hawajui, samaki aliyelala huamshwa. Si unajua kwetu Usevya mabwawa yakipungua tunavyoingia wote kukanyaga tope, mpaka kambale waibuke wenyewe, nyie wanawake muwazoe kwa matenga? Nikavua viatu, nikaingia juu kidogo ya pale aliposimama mgeni, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, na kuimba nikaimba.

Yesu na Maria! Maji yakawa uji. Trauti walitoka kweli, wakampita mgeni miguuni, wakatokomea bondeni.

"Toka! Toka majini, mjinga wewe!" bwana akapiga kelele. "Umeharibu mto wote!"

Mgeni akakunja mshipi wake, na kesho yake akaondoka. Mpishi wetu, Mnyakyusa, alicheka hadi akakaa chini. "Ndugu yangu, samaki wa Wazungu haamshwi, anabembelezwa." Mimi sikuweza kucheka. Bwana alikwisha kusema hakuna ruhusa mpaka mvua ziishe, na wewe unajua zikianza hakuna lori linaloshuka kwetu Mpimbwe.

Nimefikiria kutoroka. Lakini mtoro haajiriwi tena huku, na shamba letu peke yake halitutoshi.

Kwa hiyo nasema mbele ya katekista, wala sioni aibu: njoo wewe. Nimeulizia, wenye wake hawakatazwi. Chumba changu ni kidogo, ila kina meko na mlango unaofungika. Mdogo wangu Leo akulete kabla ya mvua, maana mke hasafiri peke yake kama aliyefukuzwa. Mama akikataa, mwambie ni neno langu. Chukua na blanketi zito la Agnesi. Na kama moyo wako umeshachoka, basi rudi Mwamkulu, nami nitamwandikia baba yako kwamba hukuwa na kosa lolote. Nitaumia, nisikudanganye.

Nisalimie mama, na shangazi anayesuka matenga, na mjomba mlinda mpunga na midomo yake ile. Katekista namshukuru kwa macho yake. Agnesi umbebe kidogo kwa niaba yangu.

Neno "ngoja" sitakuandikia tena. Nimelichoka mimi niliyekuwa nalituma, sembuse wewe uliyekuwa unalipokea.

Mumeo,
Sosteni