Usinifuate Kabla Hujagonga Chesi

Soweto, Mbeya

Mwanangu Kastori,

Kamwene, mwanangu. Kamwene nyote hapo Kalenga. Naanza na bibi yako. Magoti yake yanamsumbua bado asubuhi? Mnampelekea makaa ya kuota? Mwambieni mkwewe anamsalimu kwa kupiga magoti hukuhuku mbali aliko. Baba yako mdogo Simoni hajambo, na kile kikohozi chake kimetulia? Mkeo Yustina namsalimu sana, tena namuuliza kama mtoto ameshaacha ziwa na kama analala bila kulia. Huyo mjukuu wangu atanisahau sura. Mdogo wako Anjela naye yuko shule anasoma, au anatoroka kwenda mtoni na wenzake? Hata yule ng'ombe wetu mwekundu mnisalimie, maana najua hapo hakuna anayemkamua huku akiongea naye.

Sisi huku tupo. Dada yako Imelda sasa amepona. Kidonda cha operesheni kimefunga, maji anachota mwenyewe, na jana alikwenda sokoni akarudi na viazi kichwani. Mtoto ananenepa. Mumewe bado yuko kambini huko relini, anakuja akipata ruhusa. Kwa hiyo kazi iliyonileta imekwisha, mwanangu, nimekaa tu. Baridi ipo kama kwetu, lakini hii si ile ya kwetu, inakuja na mvua mpaka nguo za mtoto hazikauki. Watu ni wema, wananisalimia Kinyakyusa naitikia Kihehe, tunacheka. Ila nikisikia gari kubwa linabadilisha gia kule barabarani nasimama. Nasema labda ni Kastori. Kikapu changu nilishakifunga, nakifungua nachukua kanga, nakifunga tena.

Uliniandikia kwamba utapakia chumvi ya ng'ombe uwapelekee wale Wasukuma wa Usangu, na ukishashusha utakuja mpaka hapa unichukue. Barua ile nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nikajiona nimekaa mbele, pale nilipokuwa nakaa na marehemu baba yako, dirisha limefunguliwa, tunaipita Makambako. Sasa leo nakuandikia usije. Usikasirike, soma mpaka mwisho.

Nyuma ya nyumba ya Imelda pana gereji. Seng'enge yao ndiyo ninayoanikia nguo za mtoto, kwa hiyo tumezoeana na fundi wao, Mnyakyusa mmoja mnene wanamwita Baba Anyosisye. Juzi akaniona nimesimama, akasema, "Mama Mhehe, leo umekuja kununua lori?"

Nikamwambia, "Nimekuja kumwona mwanaume anayelala chini mchana."

Kweli alikuwa amelala chini ya lori la mfanyabiashara wa mpunga. Lori zuri, Kastori, chini limepakwa lami nyeusi linang'aa kama letu. Nilifurahi kuliona. Mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anasema, "Mimi shida yangu ni springi tu. Huko kwingine usiguse, nimelipaka lami kwa mkono wangu, kutu haijui hata njia ya kuingia."

"Sigusi," fundi akasema, "nabisha hodi tu."

Akaanza kugonga na nyundo ile chesi, yale machuma mawili marefu ambayo baba yako alikuwa akiyaita mgongo wa gari. Mbele ililia vizuri, ngo, ngo, kama jembe. Akasogea nyuma kunakobeba mzigo, ikalia pu. Akagonga tena, pu. Lami ikabanduka kipande kikubwa kama ganda la mti, na nyuma yake kimeng'ang'ania chuma, chekundu, tabaka kwa tabaka. Akachukua bisibisi akaisukuma kwa mkono tu, ikatokea upande wa pili. Yule mwenye gari alikaa juu ya tairi.

Mimi moyo ulikuwa umeshafika Kalenga. Nikamuuliza, "Lami si ndiyo dawa ya kutu?"

Akasema, "Lami haina kosa, Mama. Lakini ukiipaka juu ya matope na chumvi, umeifunika kutu blanketi. Inakula humo ndani kwa raha zake. Kwani la kwenu linabeba nini?"

"Chumvi ya ng'ombe."

Akatoka chini ya gari. Hakutania tena.

Unakumbuka tulivyolipaka letu, tulipomaliza matanga ya baba yako. Ulikuwa umerudi kutoka Usangu, magunia yalikuwa yamevuja, tope la chumvi limeganda chini. Baba mdogo ana haraka kwa sababu lami imeshayeyuka motoni. Akasema ziba kila tundu, maji yasipate pa kuingia. Tukaziba mpaka vile vitundu vya chini ya chesi, kama watu wanaokandika nyumba. Nilimuuliza fundi habari za vitundu hivyo. Akasema hapo ndipo gari linapokojolea maji, ukiziba yanabaki ndani. Sasa nakumbuka baba yako akitoka kupeleka chumvi alikuwa hali chakula mpaka alimwagie gari maji chini, na sisi tulidhani anaringia gari.

Kwa hiyo mwanangu, chumvi usipakie. Liweke gari juu ya magogo mazuri, usiliamini jeki peke yake ukiwa chini. Gonga chesi yote, hasa nyuma. Fundi anasema lami ibanduliwe yote, vitundu vizibuliwe, paoshwe kwa maji matupu mengi mpaka ndani, halafu liachwe jua likaushe kabisa. Ukisugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, ndipo upake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikauke, lami iwe ya mwisho. Kama pametoboka usipake kitu, mwite mchomeleaji. Na baba mdogo usimlaumu, alitaka kuliokoa gari la kaka yake.

Najua watu wanakuomba wapande juu ya magunia, na wewe huwezi kumwacha mtu njiani. Ule mlima wa Inyala, wa kuja huku, nauona kila nikifumba macho. Mimi nilishamzika dereva mmoja, ingawa yeye alikufa kwa homa kitandani kwake.

Ningepanda basi leo hii nirudi. Naogopa tutapishana, mimi kwenye basi nakwenda, wewe juu ya chesi ile unanifuata. Ndiyo maana sibanduki hapa mpaka nisikie kwako. Barua hii nampa kondakta wa basi aiache kwenye lile duka la Ipogolo, posta itachelewa.

Nisalimie mama mkwe wako, na katekista wetu, na yule jirani anayetuazima shoka, mwambie asiwape magogo mabichi. Imelda anakusalimu, anasema mtoto anafanana na wewe masikio.

Mimi mama yako ninayewatamani wote.

Ukishagonga niandikie siku hiyohiyo, umpe kondakta huyuhuyu. Ikilia vizuri niambie. Ikitoboka niambie vilevile, usinifiche.