Mume Wangu Huvaa Nyeusi Siku Moja kwa Mwaka

Mpendwa Shangazi Peres, naomba unisaidie haraka kwa maana hata chakula hakishuki, na tafadhali usitaje kanisa letu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka minane, tumwite Waringa, tunaishi Mountain View, na mume wangu ni karani katika duka la rangi katikati ya jiji na pia ni mzee wa kanisa, mtu asiyejua hata harufu ya pombe, lakini kila mwaka kuna siku moja anatoka asubuhi na kurudi jioni macho mekundu, na siku yenyewe haikai mahali pamoja, mwaka juzi ilikuwa katikati ya Machi, mwaka jana mwanzoni mwa Machi, nikajiuliza ni mwanamke gani huyu mwenye kalenda yake peke yake. Basi Februari hii nikapata shati jeusi limefichwa nyuma ya kabati, nikakumbuka kwamba kila akirudi siku hiyo huwa na plasta ndogo mkononi, hapa pa kudungia sindano, na Shangazi, nguo nyeusi na damu, nilikaa chini sakafuni, kwa maana sote tumesikia habari za waabudu shetani wa jiji hili.

Alhamisi nikaenda kwa maombi ya akina mama, nikasema nina ombi, mume wangu ameingia kwa waabudu shetani, wakalia, wakanishika mikono, na kabla sijafika nyumbani mchungaji alikuwa ameambiwa.

Jumapili iliyofuata akasema haji kanisani, anaenda kuona mgonjwa Upper Hill, nikamfuata na nguo zangu za ibada mpaka mjini, na nilichokiona sijawahi kukiota. Waislamu wengi wamevaa nyeusi wanajipiga vifua wakilia, na mume wangu katikati yao na lile shati anawapa wapita njia maji kwa vikombe, machozi yanamtiririka kama aliyefiwa na baba, kisha akaingia kwa hema akakunja mkono akatolewa damu na daktari! Nikapiga kelele, "Baba Waringa!" Akageuka akasema tu, "Kwani umenifuata? Ngoja nimalize, twende nyumbani."

Nyumbani akanieleza. Kwamba nilipojifungua Waringa nikavuja damu sana, aliomba ndugu zetu na watu wa kanisa waje kunitolea, kila mtu akapata udhuru kwa kuogopa kupimwa, basi akaenda kumtafuta tajiri wake Mwislamu, akamkuta kwenye maombolezo ya Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume wao, siku inayofuata kalenda ya Kiislamu, na wanaume sita wakaja naye hospitalini wakiwa na zile nguo nyeusi. "Niliwauliza niwalipe nini, wakasema hiyo ni ya Hussein. Nikauliza Hussein ni nani. Wakaniambia venye alinyimwa maji, yeye na watoto, na bado akakataa kumwinamia mtawala mwovu mpaka akauawa. Mama Waringa, mimi ni Mkristo na nitakufa Mkristo, lakini huyo mtu naheshimu, na kila mwaka siku yake ikifika naenda kutoa damu."

Nikamuuliza kwa nini alinificha miaka yote hiyo. Akasema, "Kila mwaka unasimama mbele ya kanisa unasema maombi ya akina mama ndiyo ilikuponya. Sikutaka kukuharibia ushuhuda yako."

Sasa wazee wamemwita kikao Jumapili ya mwisho ya Machi, wanataka kumvua uzee kwa kuabudu shetani, na yeye amekataa kujitetea, na mimi nimenyamaza, kwa maana nikisema ukweli nitaonekana mwongo na ushuhuda wangu utachekwa. Shangazi, ni dhambi Mkristo kumlilia imamu wa Waislamu? Nifanye nini?

Niliyeshtuka, Mountain View.

SHANGAZI PERES ANAJIBU

Mama Waringa, barua yako niliianza nimesimama, nikamaliza nimekaa. Pole kwa hofu uliyopitia. Mke akikuta shati jeusi limefichwa hawezi kupiga makofi, na mumeo naye alikosea. Siri ya miaka minane ndani ya nyumba, hata ikiwa njema, huoza. Mwambie nimesema.

Lakini wewe! Ulimi hauna mfupa, na wako uliutuma kanisani kabla hujamuuliza mwenye shati swali hata moja. Hilo uliloliita ombi lilikuwa umbea uliofumba macho. Hata hivyo, hilo ningelisamehe, kwa sababu siku hiyo hukujua. Leo unajua. Unajua na umekaa kimya huku mtu asiye na kosa akingojea kuhukumiwa, na yeye kakataa kujitetea ili asikuaibishe. Nimeshangaa sana, na sitakuficha kwamba nimekasirika.

Unauliza kama ni dhambi. Mimi pia ni Mkristo, na sioni dhambi. Mumeo hakubadili dini. Alimpenda mtu aliyekufa akikataa dhuluma, na kila mwaka anatoa damu ili mama wa mtu mwingine asife. Dhambi iliyo ndani ya barua yako ni nyingine, nawe unaijua, ndiyo maana chakula hakishuki.

Na ushuhuda wako hauharibiki. Akina mama waliomba, Mungu akasikia, akawatuma aliowapata tayari. Watu wa kanisa wenye damu walijificha, wakaja watu sita wa Hussein. Ulikuwa ukisimulia nusu tu. Shukrani ya punda ni mateke, mama, na damu hiyo bado inatembea ndani yako unapomnyamazia mumeo.

Kwa hiyo usingoje kikao. Gazeti hili likikufikia, vaa viatu uende kwa mchungaji leo, umwambie ulikosea. Jumapili simama pale pale unapotolea ushuhuda, mbele ya wale wale akina mama, useme ushuhuda wote, hata habari ya wale waliopata udhuru. Watakaocheka wacheke.

Kisha litoe lile shati nyuma ya kabati, ulifue, ulipige pasi, ulitundike pamoja na suti yake ya kanisani. Na mwaka ujao siku hiyo ikifika, usimfuate. Mpikie chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha na mayai mawili, kwa sababu mtu aliyetoa damu hurudi nyumbani na njaa.