Miti Isiyotiwa Alama

Ngamiani, Tanga
4 Machi 1984

Kaka Abdulghani,

Shikamoo. Natumai u mzima huko kambini. Sisi tuna afya, ila sukari hatujaiona tangu mfungo sita, na sabuni tunagawana kipande na jirani.

Haidar yuko mahabusu, leo siku ya tisa. Wananiambia bwana misitu aliyemkamata na lori la boriti pale pantoni ni wewe. Nilibisha. Nikasema kaka yangu hawezi kumfunga mume wangu. Kesi ni mwisho wa mwezi. Mwambie hakimu kibali kilikuwapo, kimepotea. Mama nimemdanganya kuwa Haidar kasafiri Mombasa. Usinifanye nimwambie jingine.

Mdogo wako,
Khadija


Kambi ya Misitu, Kipumbwi
21 Machi 1984

Mdogo wangu Khadija,

Marahaba. Mimi mzima. Nisalimie Mama.

Waliokwambia hawakukosea. Siku ile nilifuata visiki vya mikoko tangu alfajiri, tope mpaka mapajani. Mikoko ile naiingia tangu mwaka sitini na moja. Najua nyuki wamejenga mti upi na kaa wanazaliana wapi. Ni huko tu ninakopumua nikashiba. Asubuhi ile nilikuta peupe kama uwanja wa mpira. Nilipofika pantoni, wachukuzi wote walitimka. Haidar alibaki amekaa juu ya mzigo, akacheka, akaniambia, "Shemeji, nilipoona ni wewe sikuona haja ya kukimbia."

Khadija, angekimbia ningeandika kwamba sikumtambua mtu. Niliomba moyoni akimbie. Kibali hakikuwapo, na sitasema kilikuwapo.

Kaka yako,
Abdulghani


Ngamiani
14 Julai 1985

Abdulghani,

Salamu nakupa kwa kuwa Mungu ameziamrisha.

Mama amefariki Alhamisi, tumemzika Ijumaa. Telegramu nilituma asubuhi ile ile. Wakanijibu uko msituni, haijulikani utatoka lini. Haidar yuko gerezani ulikompeleka. Kwa hiyo jeneza la Mama halikubebwa na mwana wala mkwe, limebebwa na majirani. Mpaka mwisho alikuulizia. Nilimwambia umeshafika Pangani, unangoja pantoni.

Arubaini usije.

Khadija, mtoto wa marehemu Mwamvua


Ngamiani
6 Mei 1993

Kaka,

Shikamoo. Hujambo na miaka minane hii? Barua yangu ya msiba hukuijibu, nami sikuitazamia.

Tumesikia umepunguzwa kazi na hukuhama, umejijengea kibanda hapo hapo ukingoni mwa mikoko. Hali zetu si mbaya. Siku hizi kila kitu kipo dukani. Haidar amepata leseni ya kukata boriti, ya halali, ina muhuri. Imeandikwa jina langu, maana lake limechafuka, na aliyelichafua unamjua. Sharti miti itiwe alama kwanza na mtu anayeielewa. Vijana wa ofisini hawataki tope. Njoo utie alama wewe.

Sikuiti kwa mapenzi. Angekuwapo mwingine ningemwita.

Mdogo wako,
Khadija


Kipumbwi
30 Januari 1994

Mdogo wangu Khadija,

Marahaba. Sijambo, ila goti moja limeanza kukataa.

Alama nilitia, kama Haidar alivyokueleza. Siku nne tulitembea naye na kopo la rangi nyekundu, hatukusemezana ila majina ya miti. Siku ya nne aliweza kutofautisha msindi na mkandaa peke yake, nikafurahi, nikadhani ameanza kuipenda. Nilibakisha mikubwa ya mbegu, na ukanda wote unaozuia bahari.

Wiki iliyopita nimerudi. Haidar na watu wake wamekata yote, yenye alama na isiyo na alama. Maji ya chumvi yameingia kwenye mpunga wa watu.

Nimekwenda kituoni kuandikisha maelezo. Cheo sina tena, nimeandika kama raia. Leseni ni ya jina lako, basi nililoandikisha ni jina lako. Nimeona ulisikie kwangu.

Telegramu ya Mama ilinifikia siku ya sita. Arubaini ulinikataza, nikamsomea Yasini peke yangu huku msituni.

Kaka yako,
Abdulghani


Ngamiani
9 Juni 1994

Kaka Abdulghani,

Shikamoo. Mimi mzima, sikufungwa. Leseni imefutwa, na faini nimetozwa mimi.

Kabla ya kesi nilivuka nikaja kujionea. Hukuniona, nami sikutaka unione. Mwanamke mmoja, Chiku, akanionyesha mpunga wake uliokauka, hajui mimi ni nani. Nikavua viatu, nikaingia topeni. Visiki vyenye rangi yako vilikuwa vichache. Visivyo na rangi sikuviona mwisho.

Haidar alikuwa amenifundisha niseme wewe ndiye uliyetuonyesha pa kukata. Hakimu aliponipa nafasi nilisimama, nikasema, "Kaka yangu amesema kweli." Haidar alikuwa nyuma yangu. Akatoka, na nyumbani hajarudi. Nasikia yuko Pemba kwa jamaa zake.

Usidhani tumepatana. Mume wangu umeniondolea mara mbili. Idi usije kwangu, na barua hii usiijibu.

Chiku aliniuliza kama yupo mtu anayejua kupanda mikoko upya. Nimemtajia jina lako na kumwelekeza kibandani.

Mdogo wako,
Khadija