Kengele Tatu Malindi

Jumatano, 4 Mei 1955
Dukani Mlandege mpaka alasiri. Pancha nne, mnyororo mmoja. Miaka kumi nnatengeneza baiskeli za watu, yangu inaning'inia ukutani tangu nilivyorudi vitani Burma bila ya mguu wa kushoto, umekatwa chini ya goti. Leo nimeishusha. Juma, niliyekuwa nikishindana naye kila Sikukuu kabla ya vita, alicheka. Kisha akaona sicheki.

Jumamosi, 7 Mei
Mguu wa kulia nimeufunga kwenye pedeli kwa ukanda wa mpira wa tairi. Unasukuma, unavuta. Inakwenda. Nimelia na saumu yangu. Upepo ule ule wa zamani, nilipokuwa nikipita Malindi chini ya dirisha la kina Zuhura. Kengele mara tatu, nnasimama, naye hufungua dirisha kidogo tu. Baba yake akiuliza, huyo mwenye kengele hana kazi?

Jumatatu, 9 Mei
Kwenda si tabu. Tabu kusimama. Kushoto sina cha kukanyagia. Nimeanguka Darajani mbele ya wauza tende. Zuhura kanisafisha jeraha. Mwisho kasema: "Vita vimenirudishia nusu mtu, na nusu hiyo wataka kuimaliza?" Tangu hapo hasemi nami. Mke wangu, miaka kumi na nane.

Ijumaa, 13 Mei
Dawa nimeipata. Mabaraza. Kila mtaa wa mji una mabaraza ya mawe milangoni. Nnasogea taratibu, goti la kushoto nnaliweka juu yake, nshasimama. Letu hapa Malindi, chini ya dirisha lile lile, ndilo bora, kimo sawasawa. Mbona sikulifikiri miaka yote hii? Hasira.

Zuhura bado kanuna. Futari anaiweka, anaondoka.

Jumapili, 22 Mei
Nimejiandikisha mbio za Sikukuu. Mnazi Mmoja, Kiembe Samaki, kurudi. Juma kanikumbusha kuwa Mnazi Mmoja ni uwanja mtupu, hamna baraza. Ataweka watu wanidake. Nimekataa. Nimeshikwa vya kutosha hospitali.

Naogopa. Si kuumia. Kuanguka mbele ya mji mzima, kisha Zuhura aletewe habari.

Jumanne, 24 Mei. Sikukuu Mosi
Wa mwisho. Wallahi sijali.

Umati ulijaa, mikono imenyooshwa kunishika. Nikaipita. Wakapiga kelele, Makame, mbio zimekwisha. Najua zimekwisha, nisimame wapi? Nikaendelea hadi mjini, paja linawaka moto. Kona ya Malindi kidole kikapiga kengele, mara tatu. Sikukipangia.

Mlango ulikuwa wazi. Juu ya baraza pamewekwa mto, pale pale goti linapotua.

Jumatano, 25 Mei
Juma kaleta magongo yangu, niliyaacha uwanjani. Kauona mto. Akamwuliza Zuhura alijuaje kama sitosimama kule.

"Lini huyu alisimama pengine?"

Tumekunywa kahawa barazani, sote watatu. Mto haujaondolewa.