Ganda Lenye Tundu

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema kwamba barua inayoanza na shida kabla ya salamu ni kama mgeni anayeingia hadi chumbani bila kupiga hodi. Basi napiga hodi kwanza. U hali gani? Mgongo umepata nafuu, au bado unainuka kwa awamu kama unavyosema mwenyewe, kwanza magoti, kisha kiuno, mwisho heshima? Tulisikia kuwa huko kuna baridi na kwamba dirisha la chumba chenu halifungi. Natumaini umelitengeneza, maana watu watasema mganga hajigangi.

Sisi hatujambo. Bibi anakula vizuri na anagombana na redio kila asubuhi, hasa mtangazaji wa habari, ambaye anasema ana sauti ya mtu aliyeshiba. Mama amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa tunamwona akiwa macho. Mimi nimekuwa wa nne darasani. Ningekuwa wa tatu kama si hesabu.

Nimeandika salamu ndefu kwa sababu naogopa aya inayofuata.

Mjomba, lile ganda la risasi lililokutwa kwenye begi la Dada pale uwanja wa ndege, ni mimi niliyeliweka.

Nitaeleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua kuliko mimi. Nimeyafungia moyoni karibu mwaka mzima na sitaki kuruka hata moja.

Unakumbuka Dada alipochaguliwa kwenda kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Hakuna mtu wa klabu aliyewahi kupanda ndege na bunduki yake mwenyewe, na wewe, fundi wa bunduki za klabu nzima, ulisoma masharti ya shirika la ndege wiki nzima mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Ulituambia, "Bunduki ikisafiri ni kama mgonjwa mahututi. Haiendi bila cheti, haiendi bila msindikizaji, na haikai na abiria wengine." Bibi akauliza kama nayo italetewa chakula.

Siku ya kufunga mizigo ulilifungua lile sanduku gumu juu ya meza ya kulia. Ulipitisha uzi wa njano ndani ya mtutu ukatokea upande wa pili, ili kila mtu aone kuwa hakuna kitu ndani. Ukatazama ukasema, "Tupu." Dada akatazama akasema, "Tupu." Kisha ukaniita mimi, Karani wako, nikapanda kwenye stuli na kusema, "Tupu." Ulipenda kusema kwamba macho mawili hudanganywa, manne hubishana, lakini sita yakikubaliana, hata askari hana neno. Bunduki ikalazwa kwenye sponji. Risasi zikabaki kwenye boksi lake la dukani, mbali na bunduki. Kufuli likafungwa, na ufunguo ukamvika Dada shingoni, ukisema kwamba ufunguo hukaa na mwenye mali, hata wewe hupewi.

Mimi ndiye niliyesoma orodha. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, na wa mwisho nilisoma kwa mdomo wangu mwenyewe: "Begi la mkononi: hakuna risasi, hakuna ganda, hakuna hata kipande cha bunduki." Nikaweka alama ya vema.

Sasa utauliza, ilikuwaje nisome vile halafu nifanye vile. Hata mimi nimejiuliza. Jibu ni kwamba kwangu halikuwa ganda tena. Lilikuwa lile ulilonipa wewe, la risasi ya kwanza ya Dada iliyopiga katikati kabisa. Ulilisugua mpaka likang'aa, ukalitoboa tundu, ukanionya nisimwambie mtu kwa sababu Kocha hataki maganda yatoke uwanjani kwake. Nililivaa ndani ya sare miaka miwili. Nililishika kabla ya kila mtihani. Ndani ya teksi, Dada alipokuwa akitazama nje huku akiushikashika ufunguo shingoni, niliona anahitaji bahati kuliko mimi. Nililitoa kwenye uzi, maana uzi ulikuwa umechakaa na niliuonea aibu, nikalitelezesha kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake. Nilitaka alikute angani atabasamu.

Pale kaunta mambo yalikwenda vizuri mno, na hilo linaniuma zaidi. Dada alisema kama ulivyomfundisha, bila kunong'ona na bila kupaza sauti: "Nina silaha ya kutangaza. Haina risasi ndani, imefungwa, na kibali changu ni hiki." Askari wawili wakaja, wakatuingiza kwenye chumba kidogo, Dada akafungua kwa ufunguo wake, wakakagua bunduki, wakahesabu risasi, wakalinganisha namba na fomu. Dada akatia sahihi kwamba kila kitu cha silaha kimo kwenye mizigo ya kukabidhi na hakuna kingine. Yule askari mnene akasema, "Wote wangekuwa kama hawa, mimi ningelala usingizi." Niliona ukirefuka kidogo, Mjomba, na mgongo wako wote.

Halafu begi la Dada likapita kwenye mashine ya ukaguzi, likarudishwa nyuma.

Sisi tulikuwa upande huu wa kamba. Nilimwona askari akilitoa ganda kwa vidole viwili, kama mtu aliyetoa nzi kwenye uji. "Dada, hili ni nini? Si umetia sahihi sasa hivi?" Dada akatikisa kichwa. Wakakuita wewe uliyefunga mizigo. Ulilishika ganda ukalielekeza kwenye taa. Niliona kidole gumba chako kikipita juu ya tundu. Kisha ukageuka ukanitazama.

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ukasema, "Ni langu hili. Mimi huokota maganda kazini. Limedondoka kutoka mfukoni mwangu."

Hawakuwa wakatili, lakini kazi yao haina haraka. Sanduku lilishushwa kutoka kwenye ndege, likafunguliwa upya, risasi zikahesabiwa upya, maelezo yakaandikwa kwa mkono na mtu aliyekuwa akitafuta kalamu inayoandika. Walipotuambia twende zetu, ndege ilikuwa imekwisha kuruka. Iliyofuata ilikuwa baada ya siku mbili, na mashindano yangekuwa yamekwisha kuanza.

Kurudi nyumbani niliketi katikati yenu, sanduku likiwa juu ya magoti yetu watatu. Dada hakulia. Alisema tu, "Macho sita, Mjomba. Sita! Kumbe yako mawili yalikuwa yamelala."

Nawe ukajibu, "Ndiyo, mwanangu. Yalilala."

Nilikuwa na njia nzima ya kusema. Nilihesabu taa za barabarani nikijiambia nitasema kwenye inayofuata. Tulipofika taa zilikuwa zimekwisha.

Baada ya hapo Kocha alikuondoa kwenye karakana ya klabu, akasema mbele ya watu kwamba fundi asiyejua kilichomo mfukoni mwake asishike bunduki ya mtu. Mama alikutetea, lakini alikutetea kama mtu anayemtetea mwenye kosa. Mwezi wa tatu ukapata hiyo kazi ya kutengeneza cherehani huko mbali, na siku ya kuondoka ulinipa mkono ukasema, "Karani, soma kwa bidii." Nilisubiri uongeze neno. Hukuongeza.

Mjomba, naomba nisijitetee sana. Mwanzoni niliogopa. Baadaye niliogopa kwamba nilikuwa nimeogopa. Kila siku niliiambia nafsi yangu kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Ulipopiga simu uliniuliza habari za shule tu, nami nikajifariji kwamba labda hukuliona tundu, labda kweli unaamini lilitoka mfukoni mwako. Nililishikilia wazo hilo kama mtoto anayejifunika kanga kichwani akidhani haonekani.

Mwezi uliopita Dada alikuwa akitafuta kibali chake ndani ya ile bahasha tuliyorudishiwa na askari, ganda likabingirika mezani. Akalitazama akasema, "Ajabu. Mjomba hutoboa maganda ya nini?" Akalirudisha ndani akaendelea na mambo yake. Mimi nilikuwa nikimenya vitunguu na nilishukuru kwamba nilikuwa nikimenya vitunguu. Hapo ndipo niliposhindwa kujidanganya. Tundu ulilitoboa wewe, kwa mkono wako. Usingeweza kutolijua. Ulijua pale pale, na ulinitazama ili unipe nafasi, na nilipoitazama sakafu, ukaichukua aibu yangu ukaivaa kama koti lako.

Sasa habari mpya. Dada amechaguliwa tena. Ataondoka tarehe tano mwezi ujao, kwa ndege, na bunduki ile ile. Hana wa kumsaidia kufunga. Wiki iliyopita alimwomba Mama awe jicho la pili, Mama akachungulia akasema, "Mimi nitaona nini humu? Naona giza na upande wa pili naona ukuta." Dada akacheka kidogo kisha akabaki peke yake mezani. Nilimsikia akisema "Tupu," akifunga, akifungua, akisema "Tupu" tena. Alifanya hivyo mara nne. Mtu anayejiamini hasemi mara nne.

Jana baada ya kuosha vyombo nilisimama mbele yake kama mbele ya mwalimu mkuu, nikamwambia yote. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari nisije nikapamba.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Uzi wake uko wapi?" Nikauleta kutoka chini ya godoro. Akalitoa ganda kwenye bahasha, akapitisha uzi kwenye tundu, ukapita bila shida. Akalitazama likining'inia. Kisha akasema, "Mwaka mzima namsalimia yule mzee kwa ncha ya ulimi. Na yeye anaitikia."

Nikasema, "Nisamehe, Dada."

Akasema, "Leo siwezi. Usinisubiri leo." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Mwandikie Mjomba. Na usiandike kwamba ulikuwa mtoto. Ulikuwa na akili ya kusoma orodha."

Kwa hiyo siandiki hivyo.

Jumanne tunakwenda kwa Kocha, mimi na yeye. Nimeomba nisemee uwanjani, mahali pale pale aliposema maneno yale juu yako, na watu wakiwapo. Dada alisema si lazima. Nilimwambia ni lazima, kwa sababu jina lako lilichafuliwa hadharani na haliwezi kusafishwa chumbani. Nina ukurasa mmoja tu wa kusoma. Nimeusoma peke yangu mara nyingi, na nimejizoeza kutotazama viatu.

Sikuombi uniambie si kitu, Mjomba. Ukisema si kitu nitajua umenibeba tena, na mgongo wako una kazi ya kutosha. Ukikasirika, kasirika, nami nitasoma hasira yako mpaka mwisho kama ninavyosoma orodha. Ninachoomba ni hiki kimoja, na sina haki nacho: Dada asifunge sanduku lile peke yake.

Hajaniambia nikuandikie hili, lakini nimeliona. Asubuhi ya leo orodha ya zamani ilikuwa juu ya meza. Chini ya mstari wa kumi na mbili ameongeza wa kumi na tatu kwa kalamu nyekundu: "Mifuko ya Karani." Nilicheka, kisha nikaacha, kisha nikaona juu kabisa ya karatasi ameandika jicho la pili, jina lake, na jicho la tatu, langu, akalikata kwa mstari, akaliandika tena pembeni. Mbele ya jicho la kwanza hakuandika kitu. Ameacha nafasi, na nafasi yenyewe ni ya upana wa jina lako.

Ukiweza kuja kabla ya tarehe tano, meza ni ile ile na stuli ni ile ile, ingawa sasa naona bila kupanda. Usipoweza, Dada atakupigia simu. Najua, kwa sababu leo ameniuliza mara mbili saa ya mapumziko yako. Tutapitisha uzi wa njano, yeye atasema "Tupu," nami nitasema "Tupu," halafu tutanyamaza tukusubiri wewe. Hatutafunga kufuli mpaka tukusikie.

Ganda lenyewe silitumi kwa posta. Nimejifunza.

Mama anakusalimu sana. Bado hajui, nitamwambia leo akirudi, kabla barua hii haijaondoka. Bibi anasema umtunze mwanawe, yaani wewe, na uvae soksi. Msalimie mwenzako wa chumbani, Mzee Chafya, na umwambie nimemsikia kwenye simu mara zote na kila mara nimemtakia afya.

Mungu akulinde huko uliko, akunyooshee mgongo, na akurudishie kwa mikono safi kile ambacho mimi nilikichukua kwa kunyamaza.

Ni mimi nikupendaye na niliyekukosea,

Karani wako.