Daraja Lilishuka Saa Nne

Nyumbani, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo.
Jumanne, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na lile bomba la jikoni limepata fundi wa kweli badala ya yule aliyelifunga kwa kamba. Sisi hapa hatujambo. Baba kifua kinamsumbua kidogo, ila mdomo wake hausumbuliwi na chochote. Jana kagombana na redio. Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho kinachochemka, kwa hiyo leo utanisamehe nikikosa adabu mahali fulani.

Shangazi, nimekuandikia barua tatu. Zote tatu nimekuuliza jambo moja tu: siku mji ulipokombolewa, uliona nini pale darajani? Ya kwanza ukanijibu habari za hali ya hewa. Ya pili ukanijibu habari za hali ya hewa na paka wa jirani. Ya tatu hukujibu kabisa, na simu hupokei. Nakuheshimu sana, lakini ulinikera. Tena ulinikera hasa.

Kazi yangu unaijua, ile Baba anayoiita kuchezesha watoto wenye ndevu. Natengeneza michezo ya vita ya mezani: ramani, vipande vya kadibodi ndiyo majeshi, dadu mbili, watu wawili wanakaa na kupigana upya vita vilivyokwisha zamani. Safari hii bosi wangu alitaka ukombozi wa mji wetu wenyewe, siku ile moja iliyomaliza miaka minne ya kukaliwa na wavamizi. Niliruka kwa furaha. Nikasema miezi miwili nitakuwa nimemaliza. Huu ni mwezi wa tisa.

Masjala ya mji imeninyoosha. Mama anayetunza mafaili anatoa faili moja kwa siku, na ukiomba la daraja anakuletea la mitaro. Ukilalamika, anakuambia rudi kesho na barua. Ukija na barua, muhuri haukukaa vizuri. Nimesoma habari za mitaro ya mji huu hadi nikiulizwa naweza kuichora nikiwa nimefumba macho.

Vitabu navyo ni bure tu. Nimesoma sita, na vyote vimenakiliana. Vyote vinasema daraja lilikuwa limeinuliwa na wavamizi wamenasa ng'ambo ya mashariki. Saa nne asubuhi mlinzi wa daraja akalishusha, wakavuka na mizinga yao, wakatoroka. Saa tano wakombozi wakafika, wakakuta daraja liko chini, wakaingia mjini. Na vyote sita vinamtaja mlinzi huyo kwa jina. Babu. Baba yako.

Sasa bosi anataka kadi. Mtu kashika mtambo wa daraja, jina la Babu chini yake, na juu maandishi makubwa: Mlinzi Msaliti. Anayecheza upande wa wavamizi akiipata, anavuka bure. Nilipomwambia huyo ni babu yangu mzazi, akapiga makofi, eti ndiyo itauza zaidi! Nilitoka ofisini kwake bila kuaga, nikasahau na mwavuli. Kazi inakwenda kiwandani Ijumaa ya wiki ijayo.

Na kilichoniuma zaidi, Shangazi, ni kwamba kadi yake haikuniambia jambo jipya. Mimi mwenyewe nimekua nikijua hivyo. Kwamba Babu alifungwa miezi sita, akafukuzwa kazi, akamaliza maisha yake akinoa visu vya watu mlangoni, na watu wakivichukua hawasemi asante. Nyumbani hapa ukimtaja, Baba anawasha redio.

Basi nikarudi kwenye meza. Anayenisaidia kuujaribu mchezo ni Mwalimu, mstaafu wa hisabati anayekaa ghorofa ya chini. Yeye ndiye wavamizi, na anawacheza kwa raha inayoniudhi. Tumecheza mara kumi na moja. Kila mara daraja linashuka saa nne, mizinga yake inavuka, inapanda kilima cha magharibi, na wakombozi wangu wanakwisha kabla ya mchana. Mara kumi na moja mji haukombolewi! Lakini kweli yenyewe ni kwamba wakombozi walitembea hadi stesheni ya magharibi bila mzinga hata mmoja kulia. Hilo halina ubishi, kuna picha. Nilipunguza nguvu za mizinga, nikabadilisha dadu, nikarusha vipande ukutani. Kimoja bado kiko chini ya kabati. Mwalimu akakunja mikono, akasema hesabu yangu ina mwongo ndani yake na nimtafute.

Mwongo tulimpata Alhamisi iliyopita, kwa bahati mbaya ya Mwalimu. Alikuwa na miadi ya macho hospitali saa tano. Akatupia jicho saa ya Babu pale ukutani, ile aliyotoka nayo darajani walipomfukuza, akaona saa tatu na nusu, akasema tucheze tena. Alipofika huko wameshamruka. Akapanda ngazi zote tatu akifoka tangu chini.

Nikamwambia, Mwalimu, hiyo saa iko nyuma kwa saa moja tangu sijazaliwa, sisi wenyewe tumeshazoea. Baba anaitia ufunguo kila Jumapili, na ole wake atakayegusa mishale. Akanitazama kama mwanafunzi wake wa nyuma darasani.

"Saa mbovu inazidi kupotea kila siku," akasema. "Hii imekaa nyuma saa moja kamili miaka yote hiyo? Hii si mbovu. Hii imepangwa."

Nikaenda kumuuliza Baba. Nilijua atawasha redio, na kweli aliiwasha, kisha akaizima. Akasema, "Mzee aliniambia niiache hivyo. Alisema hii ndiyo saa yetu. Ile nyingine ni ya wale."

Usingizi ulinipaa. Kesho yake nikaomba masjala magazeti ya mwezi wa kwanza wa uvamizi. Ukurasa wa mbele kabisa kulikuwa na tangazo: saa zote za mji zisogezwe mbele saa moja, atakayekaidi atafungwa. Shangazi, miezi tisa nimechimba, na jambo hili liko ukurasa wa mbele! Na walipofukuzwa, hakuna aliyejisumbua kuzirudisha. Wavamizi wakaenda, saa yao ikabaki, na mpaka leo ndiyo tunaamkia. Kichwa ngumu mmoja tu alikataa.

Hapo nikaomba faili la kesi ya Babu. Yule mama, sijui aliamkaje siku hiyo, akavunja sheria yake, akaniletea siku hiyohiyo lilelile nililoomba. Kurasa mbili tu, Shangazi. Maisha ya mtu mzima kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni wewe.

Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ulisimama mbele ya kamati iliyomhukumu. Imeandikwa: shahidi, binti wa mshtakiwa, miaka tisa, alimpelekea baba yake chakula. Wakakuuliza daraja lilishuka saa ngapi, ukasema saa nne. Wakakuuliza umejuaje, ukasema uliangalia saa ya ukutani, chumbani mwa baba pale darajani, juu ya birika. Ukurasa wa pili ni Babu. Wakamwambia binti yako anasema saa nne, unasemaje? Jibu lake ni hilo tu: "Kama amesema saa nne, ni saa nne. Mtoto wangu hasemi uongo."

Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni saa ipi! Watu wazima watano, wenye kalamu na mihuri! Wavamizi kwenye taarifa yao, ile ambayo vitabu vyote sita vinainukuu, waliandika walifika darajani saa nne, na hawakuandika popote kwamba walivuka. Lakini hiyo ni saa nne ya mji. Saa nne ya Babu ilikuwa saa tano ya mji. Aliwashushia daraja wakombozi, Shangazi. Wale wengine walilikuta juu. Walitorokea wapi bila mizinga yao, hilo sijui, na siandiki nisilolijua. Nililia pale mezani bila aibu. Yule mama akanipa karatasi ya kufutia machozi, kisha akafunga faili maana muda wa chakula ulikuwa umefika.

Jumamosi tulicheza mara ya kumi na mbili, daraja likishuka saa tano. Saa nane mchana mji ulikuwa huru. Mwalimu alishindwa vibaya, na sijawahi kumwona anacheka vile.

Bosi hataki kusikia. Anasema hawezi kufuta kadi kwa sababu ya saa ya ukutani, nimletee mtu aliyekuwepo. Aliyekuwepo na bado yu hai ni mmoja. Nakuomba mistari miwili tu yenye sahihi yako: ni saa ipi uliyoiangalia, na ni kina nani uliowaona wakivuka. Itume kwa posta ya haraka, inifikie kabla ya Ijumaa hiyo.

Nilipoanza kukuandikia nilikuwa na hasira na wewe. Uliondoka na miaka kumi na tisa na hukurudi, hata kumzika. Siku zote nilidhani ulikuwa unamwonea aibu. Sasa nadhani ulikuwa unajionea aibu mwenyewe, na nimekusumbua kwa barua tatu bila kujua ninagusa wapi. Nisamehe. Lakini nisikilize vizuri: hukumfunga baba yako. Ulikuwa mtoto, ukaulizwa saa ngapi, ukasoma saa iliyokuwa mbele yako, na uliisoma sawasawa. Yeye mwenyewe aliwaambia hivyo. Hata kama hutaandika hiyo mistari, hili ulijue.

Wasalimie binamu zangu wote wawili, na yule paka. Mwalimu anakusalimu, anasema wewe ndiye shahidi pekee ambaye hesabu zake zilikuwa sahihi. Mungu akupe afya, na akupe usingizi ambao sisi tulikunyima. Baba ameomba nimwachie nafasi hapa chini. Sijui ataandika nini, kalamu ameshainyang'anya.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye hata nikifoka.

Dada, saa bado naitia ufunguo kila Jumapili. Sijaisogeza. Njoo uisome tena.