Sahani ya Mama Yohana

Kilosa, Ijumaa, mvua imekatika

Kwa nini sikunyamaza tu nikala!

Tangu nihamishiwe ofisi ya usalama hapa wilayani, hakuna anayenikaribisha chakula. Nikipita watu wakila, wanainamia sahani zao mpaka nipotelee mbali.

Wiki iliyopita nilikwenda Morogoro kuwasemea watu wa Lumuma kwa wakubwa wa mkoa, wasihamishiwe kijiji cha ujamaa kabla hawajavuna mahindi. Nilisubiri kwenye benchi, nikabembeleza, nikakubaliwa. Kazi yangu hainiruhusu kumwambia mtu kwamba ni mimi.

Leo nimepita Lumuma. Mama Yohana, ambaye akiniona huwa anafunga mlango, ameniita kutoka jikoni. “Karibu ugali, baba.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa hapo na mzee.”

Nilinawa, nikakaa mkekani karibu na mumewe. Niliona raha hata nikaogopa. Kisha nikaona sahani pembeni, imefunikwa, na mdomo ukanitangulia.

“Ile ya nani? Mna mtu ndani?”

Sauti ile ile ninayohojia watu ofisini. Mzee akaacha kutafuna.

Mama Yohana akaifunua. Kuku, na firigisi juu, kama anavyoandaliwa mgeni wa heshima.

“Ni yako, baba. Tulisikia ulivyotusemea Morogoro, tukasikia unakuja.”

Nilikula. Mama alinisindikiza hadi njia panda, maana ndiyo desturi yao, akasema, “Haya, safari njema.”

Karibu tena hakusema.